Mbwa wa kumliwaza mama: tazameni umri wa mbwa kwanza, mbegu baadaye

Swali: Daktari, mama yangu ana miaka 74. Tangu baba afariki mwaka jana anaishi peke yake nje kidogo ya Limuru, na dada anayemsaidia kazi huondoka saa kumi jioni. Goti la kushoto linamsumbua, anatembea kwa mkongojo, na anatumia dawa za presha na za kuzuia damu kuganda. Ndugu yangu ameshalipa nusu ya bei ya mtoto wa German Shepherd mwenye wiki 8, anasema atakuwa mwenzake mama na mlinzi wake. Mimi naona afadhali mbwa mdogo wa manyoya meupe, kama wale wa majirani zangu huku Nairobi. Tumebishana hadi tumechoka. Tumchukulie yupi?

Jibu: Dada yangu, poleni sana kwa kuondokewa na mzee. Nitaanza na jibu lenyewe: si huyo wa ndugu yako, wala si huyo wako. Mtafutieni mama mbwa aliyekwisha kukua, wa miaka 4 hadi 7, mwenye kilo 8 hadi 15, jike aliyefungwa kizazi, ambaye kuna mtu aliyeishi naye na anayeijua tabia yake. Akiwa chotara au mbwa wa kienyeji kabisa, haidhuru.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu kosa ambalo ndugu yako anakaribia kulifanya nililifanya mimi, nikiwa nimeshatibu mbwa kwa miaka kadhaa. Mama yangu alipobaki peke yake Nyahururu nilimpelekea mtoto wa Labrador wa wiki 9. Nilijua Labrador ni mpole, na ndivyo alivyo. Nilichosahau ni kwamba mtoto wa mbwa hupenda kulala palepale miguu ya mwenye nyumba inapopita. Alfajiri moja, stima ikiwa imepotea, mama aliamka kwenda kuwasha jiko, akamkanyaga. Walipiga kelele wote wawili, naye mama akaangukia mkono. Kifundo kilivunjika. Alikaa na plasta wiki 6, na kila nilipompigia simu alikuwa akimtetea yule mbwa kwamba hana hatia. Kweli hakuwa nayo. Hatia ilikuwa yangu mimi niliyechagua.

Kwa hiyo tuanze na huo umri. Mtoto wa mbwa wa wiki 8 anataka kutolewa nje kukojoa kila baada ya saa mbili tatu, na usiku pia. Meno yake ya utoto ni kama sindano, naye hucheza kwa kuuma: vidole, pindo la leso, kisigino. Ngozi ya mtu wa miaka 74 ni nyembamba, na mama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mkwaruzo ambao kwako ungekauka kabla ya chai ya saa nne, kwake utavuja damu muda mrefu. Tena mtoto huyo anahitaji chanjo zirudiwe kila wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16 hivi, maana pavo, ugonjwa wa virusi, huua watoto wa mbwa kwa siku chache tu za kuhara damu. Nani atakuwa akimbeba kumpeleka kwa daktari? Mama na goti lake, kwenye matatu?

Halafu atakua. Dume wa German Shepherd huwa na kilo 30 hadi 40. Bale moja la unga wa mahindi ni kilo 24. Sasa chukua bale moja na nusu, lipe miguu minne, lifunge kamba, kamba umpe mama, kisha paka avuke barabara. Mbwa huyu hupata nguvu zake nyingi kabla hajatimiza mwaka, wakati akili yake bado ni ya kitoto, na hapo ndipo ninapoletewa habari za nyonga zilizovunjika. Simsemi vibaya. Max von Stephanitz, Mjerumani aliyemsajili wa kwanza wa mbegu hii mwaka 1899, alitaka mbwa wa kuchunga kondoo kutwa nzima, mwenye akili na asiyechoka, na alimpata. Mbwa wa namna hiyo akikosa kazi hujitafutia: atachimba shamba la sukumawiki, atafukuza kuku, atazunguka ua mpaka atengeneze njia. Anamfaa mtu wa kukimbia naye asubuhi.

Mbwa mweupe unayemfikiria wewe yuko karibu zaidi na anachohitaji mama, ila naye ana gharama zisizoonekana mtu akiwa mgeni wa jirani. Kama ni Maltese, ana kilo 3 au 4 tu, na mbwa mdogo hivyo hupotea machoni karibu na miguu ya mtu anayetazama ncha ya mkongojo wake. Kama ni Spitz wa Kijapani ni mkubwa kiasi, ila naye ana manyoya mengi meupe. Manyoya ya Maltese yanataka kuchanwa kila siku au kila siku ya pili, la sivyo husokotana hadi kwenye ngozi, na matope mekundu ya Limuru mwezi wa Aprili hayahurumii rangi nyeupe. Vidole vya mama vikoje? Kama goti linauma, mara nyingi na vidole navyo vinauma. Mkiona mbwa wa aina hii aliyekomaa na mtulivu, na kuna mtu wa kumpeleka kutengenezwa manyoya kila baada ya wiki 6 au 8, sitawazuia.

Wengine niwapitie haraka, maana mtaletewa. Jack Russell ni mdogo kwa umbo tu. Kasisi wa Kiingereza wa karne ya 19 aliyempa jina alimfuga kwa ajili ya kuwinda mbweha, na mpaka leo anaruka kama springi. Pug na wenzake wenye pua iliyobonyea hukoroma na kukosa pumzi, na matibabu yao ni ghali. Mbwa mrefu wa miguu mifupi, Dachshund, ni mlinzi mzuri wa mlango lakini mgongo wake huharibika akirukaruka kwenye makochi na ngazi.

Mbwa ninayemwamini kwa wazee wetu ni yule wa kienyeji au chotara wake, wa kahawia au mweusi, masikio yamelala nusu, manyoya mafupi. Hana jina kubwa, na watu humdharau kwa sababu wamemzoea akizurura sokoni. Lakini mama zake na bibi zake wameishi na kupe wetu, chakula chetu na baridi yetu vizazi na vizazi, na waliokuwa dhaifu hawakufika mbali. Manyoya yake yanataka kitambaa chenye maji tu. Akiwa amelelewa na watu tangu utotoni, ni mwangalifu, si mlafi wa kelele, na hujua upesi nani ni wa nyumbani.

Sasa niseme kuhusu neno "mlinzi", kwa maana nadhani ndilo linalowagombanisha. Kwetu, mbwa wa ulinzi hufungiwa kwenye kibanda mchana na kufunguliwa usiku, na getini pameandikwa Mbwa Kali hata kama ndani hakuna mbwa. Mbwa aliyelelewa hivyo hamjui mtu. Anamjua anayeleta sufuria. Kumtaka huyohuyo awe mwenzi wa mama jioni ni kumtaka afanye kazi asiyofundishwa, na siku atakayomwangusha mama kwa furaha tu ya kufunguliwa, hatakuwa na kosa. Uliza pia majirani: wezi wakipanga kuja, hutangulia kurusha nyama yenye sumu uani. Mbwa anayelala ndani hafikiwi na nyama hiyo. Anasikia hatua getini kabla ya mama, anabweka, mama anawasha taa na kupiga simu kwa jirani. Huo ndio ulinzi ambao mwanamke wa miaka 74 anaweza kuutumia. Ndugu yako akitaka zaidi ya hapo, anunue taa za nje na kitasa imara, fedha itakuwa imekwenda mahali pake.

Uenzi wenyewe ni wa kugusana. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Afrika Kusini, Odendaal na Meintjes, walipima damu ya watu na ya mbwa kabla na baada ya kupapasana kwa utulivu, wakakuta homoni ya oksitosini, ileile inayopanda mama anaponyonyesha, imepanda kwa mtu na kwa mbwa pia. Hilo haliwezi kutokea kupitia nyavu za kibanda.

Najua pia kwamba akina mama wengi wa rika lake hawataki kusikia habari ya mbwa ndani ya nyumba. Msimlazimishe. Jikoni panatosha, au baraza iliyozibwa upepo, kwenye gunia lenye blanketi kuukuu, kwani Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu na mwezi wa Julai mbwa wa manyoya mafupi hutetemeka. Nimeona mara nyingi mpaka huo ukisogea wenyewe, kutoka jikoni hadi mlango wa sebuleni, kisha hadi chini ya kiti chake.

Mtampata wapi? Huko Nairobi nenda KSPCA, shirika la kutunza wanyama ambalo huwatafutia makao mbwa waliookolewa na walioachwa. Waambie wazi ni kwa ajili ya mama wa miaka 74 mwenye mkongojo, uwaache wao wakuchagulie wawili watatu. Wanaowalisha kila siku wanawajua kuliko utakavyowajua kwa kutazama. Njia nyingine ni familia inayohama nchi au inayohamia gorofani. Hapo uliza kwa nini wanamwacha, uliza mara ya pili kwa namna nyingine, na mtazame mtoto wa nyumba hiyo mzazi wake anapojibu.

Nenda na mama. Hili nalisisitiza, kwa kuwa mbwa wa mshangao, anayeletwa sikukuu akiwa na utepe shingoni, ndiye anayerudishwa zaidi. Mkifika, mama aketi kwenye kiti, asimwite mbwa. Mwacheni mbwa aje mwenyewe. Anayekuja polepole, akanusa kiganja, akasimama kando au akalala, huyo mtazame vizuri. Anayeruka kifuani, hata kwa mapenzi, mshukuruni mpite. Kisha mama ainuke na mkongojo, autembeze, auinue kidogo: mbwa aliyewahi kupigwa kwa fimbo atanywea au ataonyesha meno, na ni vizuri mlijue hapo kabla ya nyumbani. Angusha kifuniko cha sufuria sakafuni nyuma yake. Kushtuka ni sawa. Unachotaka ni arudi katika hali yake baada ya sekunde chache na aje kunusa kilichoanguka. Mshike masikio, miguu, mdomo. Mwekee chakula, ukae karibu, utazame kama mwili unakakamaa. Mwisho mama amshike kamba atembee naye hatua 50. Kamba ikibaki imelegea, mmeshapata sehemu kubwa ya mlichokuja kutafuta. Rudini siku nyingine mtazame tena, maana mbwa naye huwa na siku zake.

Kwa nini nasema jike aliyefungwa kizazi? Jike asiyefungwa huingia joto mara mbili hivi kwa mwaka, na siku hizo madume ya kijiji chote hukesha getini yakipigana; mama atapita wapi? Tena majike wazee wasiofungwa hupata usaha katika mfuko wa uzazi, ugonjwa unaoua, na katika mbwa wetu wanaozurura kuna uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana. Dume aliyehasiwa naye anafaa, mkipata mtulivu.

Kabla hajafika nyumbani apate mambo matatu: chanjo ya kichaa cha mbwa na kadi yake, dawa ya minyoo, na dawa ya kupe na viroboto. Chanjo hiyo irudiwe kila mwaka, minyoo kila miezi 3. Msiipuuze hata kama mbwa hatoki uani. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba, na karibu visa vyote vya binadamu, 99 kwa kila 100, hutokana na mbwa. Serikali ya Kenya ilizindua mkakati wa kukitokomeza mwaka 2014 kwa lengo la 2030, na karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, baadhi ya kaunti hutoa chanjo bila malipo. Sikilizeni matangazo ya chifu. Mama akiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote asiyejulikana, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, na awaambie anatumia dawa za damu. Kagueni pia nyayo za mbwa, kwani funza hawachagui kati ya mtu na mbwa, na akiwa nao atawaleta nyumbani.

Chakula kisiwatie hofu. Ugali na omena, au ugali na matumbo yaliyochemshwa, pamoja na mboga kidogo bila chumvi, vinamlea mbwa wa kilo 12, ingawa chakula cha dukani cha mbwa kimekamilika zaidi na ni rahisi kwa mama kukipima kwa kikombe. Msimpe mabaki ya mchuzi wenye vitunguu, ambavyo huharibu damu yake, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka kama vibanzi. Na naomba hili mlisikie: mahindi yaliyoota ukungu si chakula cha mbwa. Sumukuvu iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 huua ini la mbwa vilevile, na kila mwaka natibu mbwa waliopewa unga ambao wenye nyumba waliogopa kuula. Kama mama ana miti ya maparachichi, yaokotwe yanayoanguka. Mbwa huyapenda kupita kiasi, hunenepa mpaka viungo vinauma, na kokwa ikimezwa huziba utumbo.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni vidonge vya mama mwenyewe. Mtu mwenye goti bovu huwa na dawa za maumivu kama diclofenac au ibuprofen. Kidonge kikianguka chini ya meza na mbwa akakilamba, tumbo lake hutoboka vidonda na figo huharibika. Nunueni kile kisanduku chenye vyumba vya siku za wiki, mama azinywe akiwa ameketi mezani, mbwa akiwa nje ya mlango. Kitamsaidia na yeye asisahau dozi.

Kisha mkae wewe na ndugu yako, bila mama, mjibu swali moja ambalo familia hulikwepa: mama akilazwa wiki 2, mbwa atakuwa kwa nani? Na mama asipokuwepo tena? Mtoto wa mbwa wa leo anaweza kuishi miaka 12 au zaidi, na mama atakuwa na 86. Mbwa wa miaka 6 anampa mama miaka kadhaa mizuri bila kuacha deni refu hivyo. Bado jina la mtu lazima lipatikane, na mtu huyo akubali kwa mdomo wake. Ndugu yako akitaka kutoa mchango wake, badala ya kumalizia bei ya yule mtoto, atume kiasi fulani kwa M-Pesa kila mwezi kwa chakula na chanjo. Hiyo nusu aliyolipa ajaribu kuidai. Ikikataa kurudi, msiitumie kama sababu ya kumchukua mbwa asiyefaa.

Kuna hali ambazo ningesema msichukue mbwa kabisa. Kama mama ameanza kusahau kama amekula, mbwa atalishwa mara tano au asilishwe. Kama ameanguka zaidi ya mara moja miezi hii michache, anzeni kwa daktari wake. Na kama ukimuuliza kwa utulivu anasema hataki, basi hataki. Paka, kuku watatu wa kuhesabu jioni, au mjukuu wa kuja kila wikendi vinaweza kumfaa zaidi.

Akikubali, wiki 3 za kwanza mpangieni ratiba moja isiyobadilika: chakula saa zilezile, matembezi mafupi hadi mwisho wa shamba na kurudi, mahali palepale pa kulala. Dada wa kazi afundishwe pia, kwa kuwa ndiye atakayekuwa naye mchana. Kamba iwe ya mita moja na nusu, ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, na mama asiizungushe mkononi hata siku moja. Mbwa akivuta, aiachie. Ondoeni zulia linaloteleza, wekeni taa ndogo ya sola kwenye njia ya kwenda chooni.

Na mnunulieni huyo mbwa njuga. Baada ya plasta kutolewa, yule Labrador alihamia kwa kaka yangu mwenye shamba, nami nikampelekea mama jike wa kahawia wa miaka 5, ambaye familia moja ya Nakuru ilikuwa inamwacha. Aliitwa Popi. Fundi wa viatu alimshonea Popi mkanda wenye njuga mbili ndogo, ili gizani mama ajue kila mara mbwa yuko upande gani wa miguu yake. Hakumkanyaga hata mara moja. Nilikuwa nikipiga simu jioni, na kabla mama hajasema "haloo" nilikuwa nazisikia zikimfuata kutoka jikoni.